Nukta Haikui: Mwongozo Kamili wa Kuchora Fonti Inayounganisha Nukta Nundu na Herufi za Wino

Ukitaka mwandiko mmoja usomwe kwa jicho na kwa kidole, anza na jambo ambalo wachoraji wengi hulifikia wakiwa wamechelewa: nukta haikui. Herufi ya wino unaweza kuipunguza ikae kwenye kibandiko cha chupa ya dawa, au kuikuza ijaze ukuta wa stendi ya Nanenane hapa Dodoma, na itabaki kuwa herufi ileile. Nukta nundu, maandishi ya nukta zilizoinuka ambayo wasioona husoma kwa kidole, ina ukubwa mmoja, uliopangwa kufuata ncha ya kidole. Ikikuzwa mara mbili, kidole hakiipati seli nzima, yaani kundi la nukta hadi sita linalobeba herufi moja, kwa mguso mmoja, na msomaji analazimika kuizunguka kama anayetafuta swichi gizani. Ikipunguzwa, nukta zinashikana na kuwa mkwaruzo tu.

Kwa hiyo unapanga nukta kwanza, kisha unaitafutia herufi njia ya kupita juu yake. Ukifanya kinyume, yaani uchukue fonti nzuri uliyonayo na kuipachika nukta, utapata kitu cha kupendeza kwenye skrini ambacho hakuna asiyeona atakayekisoma.

Wazo lenyewe si geni. Louis Braille mwenyewe, aliyebuni nukta nundu, miaka kumi baada ya kuchapisha mfumo wake wa nukta sita mwaka 1829, alitoa mfumo mwingine mwaka 1839 wa kuchora herufi za kawaida kwa nukta, ili wasioona waweze kuwaandikia ndugu zao wanaoona. Karibu na siku zetu, mbunifu wa Japani Kosuke Takahashi alionyesha mwaka 2018 fonti aliyoiita Braille Neue, ambamo mistari ya herufi hupita palepale zilipo nukta. Hatuna haja ya kuinakili. Kiswahili kina mahitaji yake, na baadhi ni mepesi kuliko ya Kiingereza.

Itumike wapi, isitumike wapi

Herufi itakayotoka katika zoezi hili ina kimo cha milimita 6 hivi. Hiyo inafaa kwa kitu kinachosomwa kwa umbali wa mkono: kibao cha mlango, kitufe cha lifti, boksi la dawa, menyu, kadi ya jina, droo za maabara, vitabu vya watoto. Haifai kwa bango la korido ndefu. Mtu anayetafuta dirisha la tiketi kwenye stesheni ya SGR hataona milimita 6 akiwa hatua ishirini. Hapo weka herufi kubwa juu kwa fonti ya kawaida, na chini yake mstari mmoja wa fonti yetu.

Kuna jambo jingine ambalo mteja wako anapaswa kulisikia mapema. Si kila asiyeona anasoma nukta nundu. Katika mkoa huu wapo waliopoteza uoni ukubwani kwa trakoma, ugonjwa wa vikope kama wengi wanavyouita. Wilaya ya Kongwa imekuwa eneo la utafiti wa ugonjwa huo tangu miaka ya 1980. Mzee aliyepofuka akiwa na miaka hamsini na hakupita darasa la nukta nundu hatasaidiwa na kibao chako, kiwe kizuri vipi. Wanaonufaika zaidi ni waliosoma shule za wasioona kama Buigiri kule Chamwino, pamoja na wazazi, walimu na makarani wanaoona ambao kila siku watakuwa wanaona herufi na nukta zake mahali pamoja, na taratibu wanaanza kuzijua. Manufaa hayo ya pili ndiyo yanayonifanya niipende kazi hii.

Vipimo kabla ya penseli

Nukta za seli zinahesabiwa hivi: safu ya kushoto kutoka juu kwenda chini ni 1, 2, 3, safu ya kulia ni 4, 5, 6. Andika namba hizo kwenye kipande cha manila ukibandike mbele yako, maana kuanzia hapa tutazitaja tu.

Vipimo vinavyotumika sana duniani vinakaribiana. Kutoka katikati ya nukta hadi katikati ya jirani yake ndani ya seli moja ni milimita 2.5. Kutoka seli moja hadi nyingine, nukta ya 1 hadi nukta ya 1, ni milimita 6 au kidogo zaidi. Kutoka mstari hadi mstari ni milimita 10. Kipenyo cha kitako cha nukta ni kama milimita 1.5. Kwa vibao vya majengo, kanuni za Marekani za mwaka 2010 zinataka kimo cha nukta kiwe kati ya milimita 0.6 na 0.9, na nafasi ya seli hadi seli iwe kati ya 6.1 na 7.6. Kwenye karatasi nukta huwa fupi zaidi, karibu nusu milimita. Nukta iwe na umbo la kuba. Ikiwa bapa juu, kingo zake zinakwaruza kidole.

Mimi nachukua 6.2 kama nafasi ya seli hadi seli. Ukikusudia kutengeneza nukta kwa kibao cha mkono (kile cha kutobolea nukta kwenye karatasi) au mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, basi usinisikilize mimi, sikiliza mashine yako: andika seli 21, pima kwa venia kalipa (kipimio cha taya cha vipimo vidogo) kutoka nukta ya 1 ya seli ya kwanza hadi nukta ya 1 ya seli ya mwisho, kisha gawa kwa 20. Namba hiyo ndiyo upana wa kila herufi katika fonti yako.

Kuandaa faili

FontForge, programu ya kuchorea fonti, inatosha na ni ya bure. Inkscape, programu ya michoro, pia ni ya bure, nayo tutaihitaji baadaye.

Fungua fonti mpya yenye mraba wa vipimo 1000, na uamue kwamba vipimo 100 ni milimita 1. Uamuzi huu mdogo unakuondolea hesabu nyingi: mraba mzima unakuwa milimita 10, ambazo ni nafasi ileile ya mstari hadi mstari. Fonti ikipangwa kwa ukubwa wa milimita 10, kila kitu kinakaa mahali pake chenyewe. Kwa wanaotumia Word, milimita 10 ni pointi 28.35, Word inakubali nusu pointi tu, kwa hiyo andika 28.5. Tofauti hiyo kidole hakiijui.

Kila herufi, ikiwemo nafasi tupu kati ya maneno, ipewe upana wa 620. Usiruhusu programu kusogeza herufi mbili karibu kwa ajili ya urembo, na usinyooshe aya pande zote mbili, kwani nafasi ikibadilika hata kidogo seli zinapoteza mpangilio.

Sasa weka mistari ya mwongozo. Safu ya kushoto iko kwenye 185, ya kulia kwenye 435. Mistari ya nukta iko kwenye kimo cha 600, 350 na 100. Chora duara moja la kipenyo cha 150, liweke kwenye nafasi yake kama herufi ya akiba, kisha kila mahali unapohitaji nukta weka marejeo ya duara hilo badala ya kulinakili. Siku fundi wa mabango akikwambia mashine yake inatoa nukta nono, utarekebisha duara moja na fonti nzima itafuata.

Unene wa mstari wa herufi: nimeridhika na 110. Ukifika 150, sawa na nukta, matundu ya a na e yanaziba, na mtu mwenye uoni hafifu anaona doa jeusi. Herufi zitakuwa nyembamba na zimeachana kuliko tulivyozoea. Hiyo ni gharama ya nafasi ya seli, na hakuna ujanja wa kuikwepa kabisa, ila unaweza kuruhusu m na w zitanuke vipimo 40 kila upande.

Kuchora herufi

Usichague kati ya herufi kubwa na ndogo. Changanya. Kila herufi ichukue umbo lile, kubwa au dogo, linalopita kwenye nukta zake kwa urahisi, na zote ziwe na kimo kimoja. Alama ya herufi kubwa katika nukta nundu inakula seli nzima, kwa hiyo kwa vibao vya maneno mawili matatu naiacha.

Anza na zile zinazokupa moyo. L ni nukta 1, 2, 3: mhimili wake wa kushoto mtupu. K ni 1 na 3, ncha mbili za mhimili. E ni 1 na 5: kona ya juu, na ncha ya mkono wa kati. P ni 1, 2, 3, 4, F ni 1, 2, 4, R ni 1, 2, 3, 5. Zote zina mhimili kushoto na mkono unaoelekea kulia. N ni 1, 3, 4, 5. U ni 1, 3, 6. M ni 1, 3, 4. Kwa h tumia umbo dogo: mhimili unapita 1 na 2, tao linashukia 5. O ni 1, 3, 5, na pete ya mviringo inazigusa zote tatu bila kulazimishwa. S ni 2, 3, 4: inaanzia juu kulia, inazunguka kushoto katikati, inakata kwenda kulia na kurudi kuishia chini kushoto. Ukiichora mara moja utadhani Braille aliipanga hivyo kwa makusudi.

Inayopendeza kuliko zote ni X. Nukta zake 1, 3, 4, 6 ni pembe nne kamili. Bahati mbaya Kiswahili hakiihitaji. Ichore hata hivyo, pamoja na Q, kwa ajili ya majina ya kigeni.

Kisha njoo kwenye a. Ndiyo herufi utakayoichapa kuliko nyingine yoyote katika Kiswahili, na ina nukta moja tu, ya 1, juu kushoto. Kwa hiyo tabia ya fonti nzima itatoka hapa, usiichore haraka. Ukitumia A kubwa utalazimika kuisogeza kilele chake kushoto, nayo inaonekana kama paa lililobomoka upande. Ninayoipendekeza ni a ndogo ya vitabuni, ile yenye mkono unaokunja juu: ncha ya mkono ianzie kwenye nukta ya 1, ipite juu, ishuke kulia, na tumbo lake likae chini kushoto ambako hakuna nukta ya kugombana nayo.

i ni 2 na 4, jozi inayosumbua. Suluhisho lipo kwenye i ya taipureta, yenye kijipepeo (kijistari kifupi cha mlalo) kushoto: kijipepeo kianzie nukta ya 2, mhimili ushuke katikati ya seli, na kitone chake kikae palepale kwenye nukta ya 4. Kitone kitakuwa kimeegemea kulia. Jicho linasamehe.

t ni 2, 3, 4, 5. T kubwa haiwezekani. t ndogo inawezekana vizuri sana. Mstari wa kukata upite 2 na 5, mhimili ulale kutoka 4 hadi 3. Kwa j mhimili upo kulia kwenye 4 na 5, na ndoano ipande kushoto hadi 2. y ndogo inakaa kama imezaliwa hapo: mhimili wa kulia 4, 5, 6, mkono unaotoka 1, mkia unaorudi kushoto hadi 3. g ni mraba wa juu, 1, 2, 4, 5, na mkia uteremke bila nukta. D ni 1, 4, 5, b ndogo ni 1 na 2, C ni 1 na 4. Hizi hazina maneno. Z ni 1, 3, 5, 6, na mshazari wake inabidi upinde kidogo upitie 5. W ni 2, 4, 5, 6. Ikionekana haifuati mpangilio wa wenzake, sababu ni kwamba alfabeti ya Kifaransa aliyoitumia Braille haikuwa nayo; iliongezwa baadaye.

Imebaki V, na hapa ndipo fonti nyingi za aina hii huanguka. Nukta zake ni 1, 2, 3, 6. Ukiupitisha mstari kwenye zote, unapata U. Neno vumbi likisomeka uumbi, na Dodoma vumbi halikosekani, umeharibu. Ushauri wangu: mkono wa kushoto ushuke wima kupitia 1, 2, 3, mkono wa kulia upande mshazari kutoka 3 hadi juu kulia, na nukta ya 6 iachwe peke yake nje ya mstari. Hakuna sheria inayosema kila nukta lazima ikae juu ya wino. Nukta ikitengenezwa kwa dawa isiyo na rangi, anayeona hataiona, na asiyeona hatajua kwamba haina herufi chini yake.

Tarakimu na alama

Tarakimu 1 hadi 9 na 0 zinatumia nukta za a hadi j, zikitanguliwa na alama ya namba, 3, 4, 5, 6. Alama hiyo ina seli yake, haina wino. Iweke kwenye kitufe cha #, ambacho ndicho kinachowakilisha alama hiyo hata katika faili za mashine za kuchapa nukta nundu. Katika wino pengo litaonekana kabla ya namba, liache. 4 na 7 zinatoka vizuri, hasa 7 ukiipa mstari wa kukata katikati. 2 itakuwa na nukta inayoning'inia, kama V.

Apostrofi usiisahau, la sivyo hutaandika Chang'ombe. Katika mfumo wa Kiingereza ni nukta ya 3 peke yake, wakati kwenye wino inakaa juu. Hapo jicho na kidole vinaachana kidogo, na muulize msomaji wako kama hilo linamkera.

Fonti mbili, siyo moja

Herufi zikikamilika, hifadhi fonti mara mbili: moja yenye wino tu, nyingine yenye nukta tu, zote kwa upana uleule wa 620. Katika Inkscape andika neno kwa fonti ya wino, linakili palepale, ligeuze kuwa fonti ya nukta kwenye tabaka lake. Fundi anahitaji nukta zikiwa faili au rangi ya pekee, maana zinapita kwenye hatua tofauti ya mashine.

Na herufi za wino zibaki bapa. Kila mara mteja atakuomba ziinuliwe "ili na zenyewe ziguswe". Kataa. Herufi iliyoinuliwa chini ya nukta inaificha nukta. Kanuni za Marekani nilizozitaja hutaka nukta nundu ikae angalau milimita 9.5 mbali na herufi yoyote iliyoinuliwa.

Herufi zikae kwenye msimbo wa kawaida wa a, b, c na kuendelea. Yunikodi, mfumo wa kompyuta unaoipa kila herufi namba yake, ina eneo lake la nukta nundu lenye alama 256, lakini ukizihamishia huko, simu inayosoma maandishi kwa sauti haitalisoma neno lako kama neno.

Kuzitoa nukta

Jaribio la kwanza halihitaji pesa. Chapa neno kwenye karatasi nzito kwa fonti ya wino, hakikisha printa iko kwenye asilimia 100 na haijibani kutoshea ukurasa, kisha pima: seli 20 lazima zitoe milimita 124, au namba ya mashine yako mara 20. Chukua plastiki angavu yenye gundi, iandikwe kwa mashine ya Perkins, ibandike juu ya wino. Kama vipimo vya fonti ulivichukua kutoka kwenye mashine hiyo, nukta zitaangukia mahali pake.

Kwa kibao cha kudumu, tafuta duka la mabango lenye printa ya UV inayoweza kurudia tabaka za wino usio na rangi hadi nukta ifike kimo. Omba sampuli kwanza. Wengi hutoa nukta bapa, au fupi mno. Njia ya pili ni akriliki inayotobolewa na kupachikwa vishanga vya duara kimoja kimoja. Ni kazi ya taratibu, lakini vishanga haviliwi na jua kama wino, na jua letu si la mchezo. Uso wa kibao uwe usiong'aa. Wino mweusi juu ya njano au nyeupe unatosha.

Hesabu urefu wa kibao mapema. "Mapokezi" ni seli 8, kama milimita 50. "Mtendaji wa Kata" ni seli 16 ukihesabu nafasi mbili, kama milimita 99. Maneno marefu ya serikali yatakulazimisha kupata mistari miwili.

Kujaribu na wasomaji

Tafuta wasomaji wa nukta nundu kupitia chama cha wasioona cha wilaya, na uwalipe muda wao kama unavyomlipa mtaalamu mwingine. Usiwape sentensi, maana sentensi inakisiwa. Wape maneno yasiyohusiana: uvivu, vumbi, Nkuhungu, jiwe, Chang'ombe, reli. Usiushike mkono wa msomaji kumwelekeza. Usiulize kama ni nzuri, maana watu wetu ni waungwana na watakujibu ndiyo. Sikiliza anaposita, andika herufi ile.

Angalia hasa jozi zinazopinduana kama kwenye kioo: e na i, d na f, h na j, r na w. Anayetengeneza nukta kwa kibao cha mkono huandika kutoka nyuma ya karatasi, kulia kwenda kushoto, na akikosea upande, neno reli linakuwa kitu kingine kabisa. Wanaoona nao wasome wino peke yake, bila kuambiwa maneno. Wakisoma V kama U, rudi kwenye V.

Kubandika

Vibao vya nukta nundu vya kawaida wakati mwingine hubandikwa kichwa chini, kwa sababu fundi haoni tofauti. Hapa fonti yetu inamsaidia: akipindua kibao, herufi zinapinduka mbele ya macho yake. Mwambie akiweke ukutani upande wa kitasa, si juu ya mlango wenyewe unaofunguka na kumgonga msomaji, na mstari wa nukta uwe kati ya sentimita 122 na 152 kutoka sakafuni. Vibao vyote vya jengo moja vikae kimo kimoja, mkono ujue pa kutafuta.

Vumbi la kiangazi hujaa kwenye vitako vya nukta na kuzifanya zionekane fupi. Mhudumu wa usafi afute kwa kitambaa chenye maji kidogo, bila brashi ya waya wala tindikali ya chooni. Faili la vekta, yaani mchoro wenyewe uliochorwa Inkscape, libaki ofisini kwa mteja, pamoja na fonti zote mbili na karatasi yenye namba nne: 250, 620, 1000, 150. Kibao kikivunjika, fundi yeyote atatengeneza kingine kinacholingana.